Fibrosisi ya kinywa tuiiteje kwa Kiswahili?

Mwaka 1952, kwenye kongamano la madaktari wa meno mjini London, daktari aitwaye Schwartz alieleza habari za wanawake 5 wa Kenya, wenye asili ya Kihindi, ambao vinywa vyao vilikuwa vimekaza. Aliipa hali hiyo jina la Kilatini lenye maana ya kunyauka kwa utando wa kinywa bila sababu inayojulikana. Mwaka uliofuata, Joshi wa India aliiita fibrosisi ya chini ya utando, na jina hilo ndilo lililodumu. Basi maradhi haya yaliingia katika vitabu vya tiba ya kisasa yakitokea kwetu, lakini hadi leo Kiswahili hakijayapa jina lililotulia.

Sababu yake sasa inajulikana: ni popoo, mbegu ya mpopoo ambayo watu huitafuna. Jani la mtambuu, chokaa na katu huandamana nayo mdomoni, na wengine huongeza tumbaku. Watu wa mwambao waliuita mchanganyiko huo uraibu, neno ambalo siku hizi limepanuka hadi kumaanisha tabia yoyote iliyomtawala mtu.

Ndani ya shavu, chini ya utando laini, zimo seli zinazotengeneza kolajeni, protini ya nyuzi inayoipa nyama uimara. Kwa kawaida kolajeni mpya hutengenezwa huku ya zamani ikivunjwa, na shavu likabaki laini. Popoo huvuruga kote kuwili. Arekolini iliyomo ndani yake huzichochea seli zizidishe kazi. Tanini zake huzifanya nyuzi zigome kuvunjwa. Tena popoo ina shaba nyingi, na shaba hukipa nguvu kimeng'enya kinachozifunga nyuzi hizo pamoja. Mtafunaji huanza kuona pilipili ikimuunguza kuliko zamani. Shavu hupauka, na ukipitisha kidole ndani yake unakuta kamba ngumu zilizosimama wima. Mwishowe tonge la ugali halipiti mpaka limegwe dogodogo.

Tuiiteje, basi? Nyuzinyuzi ni neno zuri, ila limekwisha kuchukuliwa na wataalamu wa lishe. Mgonjwa akiambiwa ana nyuzinyuzi atafikiri habari za mboga na dona. Kovu linakaribia maana, kwa kuwa tishu za kovu nazo zimejaa kolajeni, lakini kwa msemaji wa kawaida kovu hutanguliwa na jeraha, na mgonjwa huyu hakumbuki kujeruhiwa. Ukakamavu nao umekwenda jeshini na kwenye gwaride, na sasa ni sifa ya kujivunia.

Mimi nachagua mkakamao, kutokana na kukakamaa. Misuli hukakamaa kwa baridi, maiti hukakamaa, hata ngozi iliyowambwa ikakauka hukakamaa. Vitabuni tuandike mkakamao wa chini ya utandoute, ili mwanafunzi wa patholojia ajue ni tabaka gani linalohusika. Kliniki, mkakamao wa kinywa unatosha.

Naling'ang'ania neno hili kwa sababu ya namna hospitali zinavyofanya kazi. Mgonjwa hupitia mikono mingi: muuguzi wa mapokezi, tabibu wa meno, daktari wa upasuaji, kisha fundi wa maabara anayepokea kipande cha nyama kwenye chupa. Kila mmoja akiandika kwa maneno yake, faili husema mambo manne juu ya shavu moja. Msimamizi wa zamu anaweza kuwafundisha wote kipimo kimoja katika kikao cha asubuhi: mtu mzima mwenye kinywa kizima kwa kawaida huweza kupitisha vidole vyake 3, vikiwa vimepangwa wima, kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Vikishindikana, chukua rula, pima kwa milimita, andika. Kipimo hiki hakihitaji mashine, na neno mkakamao linamwambia anayepima kitu cha kutafuta.

Kuna jina moja ambalo lazima tulikatae, nalo ni saratani changa. Huko India wagonjwa 66 wa fibrosisi hii walifuatiliwa kwa miaka 17, na asilimia 7.6 kati yao walipata saratani ya kinywa. Hiyo ni hatari kubwa, wala si ya kupuuzwa, lakini wengi wao hawakupata saratani katika muda huo. Anayeambiwa ana saratani changa hujihesabu amekwisha kufa na huenda asirudi kliniki, ilhali huyu ndiye tunayetaka arudi, achunguzwe mara kwa mara na aache popoo. Naye aambiwe popoo, si tumbaku peke yake. Mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitangaza kwamba popoo yenyewe, hata bila tumbaku, inasababisha saratani kwa binadamu, na tambuu tamu wanayopewa watoto harusini ina popoo ileile. Kwenye faili ya mgonjwa wa namna hii ningependa kusoma hivi: mkakamao wa kinywa, mashavu yote mawili, kinywa kinafunguka milimita 24, anatafuna popoo, arudi baada ya miezi 3.