Kutoka Sandarusi hadi Resini: Kalibu, Nakala na Haki ya Mtunzi

Kabla ya karafuu kuipa Unguja sifa yake yote, palikuwapo bidhaa nyingine iliyovuka bahari kutoka mwambao huu hadi bandari za mbali, nayo ni sandarusi. Ni utomvu wa msandarusi, uliodondoka chini ukazikwa na mchanga kwa muda mrefu, aghalabu hata mti uliouzaa ukawa umekwisha kutoweka. Katika karne ya kumi na tisa watu wa Mrima waliuchimba kwa majembe, ukapelekwa Unguja, na hapo ukapakiwa majahazini na merikebuni. Uliotoka katika mti ulio hai uliitwa chakazi, na thamani yake ilikuwa duni. Wafanyabiashara wa Kiingereza walilisikia neno hilo wakaliandika kwa namna ya masikio yao: "jackass", yaani punda. Hivyo utomvu wa mti ukageuka mnyama katika vitabu vya hesabu, na hiyo ni tafsiri moja mbaya miongoni mwa nyingi zilizozaliwa na biashara.

Mwaka 1833 Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 balozi mdogo wa kwanza wa nchi hiyo, Richard Waters, akawasili Unguja kutoka mji wa Salem. Sandarusi iliyofika Salem ilikuwa imefunikwa na ganda la mchanga. Iliroweshwa katika maji ya magadi makali, ikasuguliwa, na chini ya ganda ikaonekana ngozi yenye vipele vidogo kama ya bata aliyenyonyolewa manyoya. Ndipo ilipoyeyushwa na kuchanganywa na mafuta ya kitani ikawa vanishi, na mbao za magari ya farasi na samani za Ulaya na Marekani zikang'aa kwa utomvu uliochimbwa nyuma ya Bagamoyo na Kilwa.

Ufalme wa utomvu wa miti ulianza kutikiswa mwaka 1907, pale Leo Baekeland, Mbelgiji aliyehamia Marekani, alipotengeneza dutu ngumu kwa kuchanganya kemikali mbili katika maabara. Wazungu hawakuipa dutu hiyo jina jipya kabisa. Waliendelea kuiita resini, jina lile lile la utomvu wa mti, kwa kuwa ilifanya kazi ile ile. Mwaka 1937, huko Leverkusen nchini Ujerumani, Otto Bayer na wenzake waligundua njia ya kutengeneza poliyurethani. Kutokana na ugunduzi huo zilikuja kupatikana resini za vimiminika viwili vinavyokaa kimya vikiwa mbali mbali, na vikikutanishwa hugeuka jiwe kwa muda wa dakika chache. Polepole resini za maabara zikashika nafasi ya sandarusi katika vanishi, na mashimo ya wachimbaji yakaota majani. Hata hivyo dutu hiyo mpya ilikuja kupata kazi nyingine ambayo waliyoivumbua hawakuikusudia: ilikuwa malighafi ya sanaa ya watu wasio na kiwanda.

Ili kuifahamu sanaa hiyo, yafaa kwanza kutazama ile iliyoitangulia. Modeli za plastiki za kuunganishwa nyumbani, yaani ndege, meli na magari yaliyopunguzwa kwa kipimo maalumu, zilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1936. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia zikaenea mno. Kampuni ya Airfix ilitamba Uingereza, na Tamiya ya mji wa Shizuoka, Japani, ikatoa modeli yake ya kwanza ya plastiki mwaka 1960, nayo ilikuwa manowari Yamato. Modeli hizi hutengenezwa kwa kusukuma plastiki iliyoyeyuka ndani ya kalibu ya chuma. Kalibu ya chuma hudumu sana, lakini gharama yake ni kubwa, na kampuni hairudishi fedha zake ila ikiuza maelfu kwa maelfu. Kwa hiyo kiwanda hutengeneza kile kinachopendwa na wengi. Anayependa kisichopendwa na wengi hubaki akitazama dirishani.

Mwaka 1964, katika mji wa Moriguchi ulio pembezoni mwa Osaka, Miyawaki Osamu alifungua duka la modeli akaliita Kaiyodo. Ukubwa wake haukuzidi mita tano za mraba. Kadiri miaka ilivyokwenda, Kaiyodo ikawa baraza ya vijana waliokuwa na mapenzi ya kitu kimoja: madubwana na mashujaa wa sinema na televisheni za Kijapani, tangu Godzilla wa mwaka 1954 hadi wale waliofuata. Viwanda viliwatengenezea watoto wanasesere wa madubwana hayo, lakini watu wazima waliokulia mbele ya sinema zile walitaka sanamu inayofanana kweli na kile walichokiona, ngozi kwa ngozi na jino kwa jino. Kiwanda hakikuwa na sababu ya kuwasikiliza. Basi wakaamua kufinyanga wenyewe.

Mwanzoni walitumia karatasi nyembamba za plastiki, zilizopashwa moto na kuvutwa kwa ombwe juu ya umbo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 njia bora zaidi ikashika, nayo ni ya silikoni na resini. Vitu hivyo vikaitwa modeli za gereji, kwa maana ya kazi inayofanyika nyumbani, pembeni ya gari na ndoo. Mwaka 1982 vijana wengine wa Osaka, wakiwamo Okada Toshio na Takeda Yasuhiro, walifungua duka lao la General Products. Wengine katika kundi hilo ndio waliokuja kuanzisha studio ya filamu za katuni ya Gainax. Katika miaka hiyo hiyo, mbali kabisa na Japani, mafundi wa Ulaya kama François Verlinden wa Ubelgiji walikuwa wakitumia resini kutengeneza vipande vya modeli za kijeshi ambavyo viwanda vikubwa havikujali kuvitengeneza.

Siri ya njia yenyewe imo katika kalibu. Fundi hufinyanga sanamu ya asili kwa udongo au puti, akaikata vipande: kichwa, kiwiliwili, mikono, mkia. Kila kipande hulazwa ndani ya kisanduku, kikamiminiwa silikoni nusu ya kwanza, kisha nusu ya pili. Silikoni ikishaganda huwa laini kama mpira, na hushika hata alama ya kidole cha fundi. Kisha resini humiminwa ndani ya uwazi ulioachwa na kipande. Gharama yake haifikii hata chembe ya ile ya kalibu ya chuma. Lakini kalibu ya silikoni hufa upesi. Kila nakala inayotoka huing'ata kidogo, na baada ya dazeni chache huchanika, ikabidi kutengenezwa nyingine. Udogo wa toleo, basi, umo katika asili ya kitu chenyewe.

Mnunuzi naye hakupewa sanamu. Alipewa mfuko wa vipande vya rangi ya maziwa au ya kijivu, na pengine karatasi moja ya mchoro. Kazi iliyobaki ilikuwa yake, na mpaka leo haijabadilika. Kwanza huhesabu vipande na kuvilinganisha na mchoro. Kisha huviosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, akivisugua kwa mswaki, kwa sababu kipande hutoka katika kalibu kikiwa na mafuta ya kukitenganisha na silikoni, na rangi haishiki juu ya mafuta. Ajuaye habari ya sandarusi na maji ya magadi ya Salem ataona kwamba utomvu wa mchangani na utomvu wa maabara zimekutana katika jambo moja: zote mbili hazifai kitu kabla ya kuoshwa.

Baada ya kuosha hukata vikonyo, yaani mapito ambamo resini iliingilia, kwa msumeno mwembamba, akasawazisha mshono wa kalibu kwa tupa na msasa. Hutumia msasa wa maji, tena kwa makusudi: vumbi la resini likiingia mapafuni hudhuru, na maji hulizuia lisiruke. Anayemimina resini mwenyewe ana hadhari zaidi, kwa kuwa kimiminika chake kimoja kina isosayaneti, ambayo mvuke wake waweza kumtia mtu pumu. Matundu yaliyoachwa na mapovu ya hewa huzibwa kwa puti. Kipande kilichopinda hutumbukizwa katika maji ya moto, kikalegea, kikanyooshwa kwa mkono, kikatiwa katika maji baridi kikiwa kimeshikiliwa.

Kuunganisha nako kuna adabu yake. Gundi ya modeli za plastiki hufanya kazi kwa kuyeyusha kingo mbili hata zikawa kitu kimoja, lakini resini haiyeyuki kwa gundi hiyo. Hutumika supaglu au epoksi. Supaglu yenyewe ina kisa: mwaka 1942 Harry Coover wa kampuni ya Eastman Kodak alikuwa akitafuta plastiki angavu ya vilengeo vya bunduki, akapata dutu iliyonata kila mahali, akaiacha, ikaja kuuzwa kama gundi mwaka 1958. Lakini gundi peke yake haibebi mkono mzito wa resini. Fundi hutoboa tundu kwa keekee ndogo katika kila upande, akapitisha kipande cha waya wa shaba, kama seremala apigavyo kigingi, ndipo akatia gundi. Mwisho hupuliza rangi ya msingi ya kijivu, na hapo makosa yote yaliyojificha hujitokeza. Hurudi kwenye puti na msasa, mara mbili, mara tatu. Rangi zenyewe huja baadaye kabisa.

Kwa hali hiyo modeli ya resini ina watunzi wawili: aliyefinyanga na aliyemalizia. Nakala ishirini za kalibu moja, zikiwa mikononi mwa watu ishirini, huwa sanamu ishirini zisizofanana. Wapenzi wa ushairi hawana haja ya kuelezwa sana jambo hili, kwani wanajua shairi moja linavyobadilika kutoka koo hadi koo.

Palikuwa, hata hivyo, na mwiba. Yule dubwana alikuwa na mwenyewe. Studio ndiyo iliyombuni, na kijana aliyemfinyanga kwa mapenzi na kumuuza alikuwa akiuza mali ya mwingine. Kumkataza kungeiua sanaa. Kumwachia kungekuwa dhuluma. Mwaka 1985 General Products ilianzisha mjini Tokyo tamasha la Wonder Festival, soko la modeli zilizotengenezwa na wapenzi wenyewe, na katika soko hilo ukakua utaratibu wa pekee uitwao haki ya siku moja. Miezi kadhaa kabla ya tamasha, fundi hupeleka maombi na picha za kazi yake kupitia waandaaji. Mwenye haki huitazama, akakubali au akakataa. Akikubali, ruhusa ni ya siku ile na mahali pale tu, kwa idadi iliyotajwa, na malipo hutolewa. Milango ikifungwa jioni, ruhusa imekufa. Mwaka 1992 Kaiyodo ilichukua uandaaji wa tamasha, na tangu 2009 limekuwa likifanyika katika kumbi za Makuhari Messe, Chiba, mara mbili kwa mwaka ila pale maradhi ya Korona yalipolizuia.

Utaratibu huo haukumaliza wizi. Mtu aweza kununua seti moja, akaitumbukiza katika silikoni yake, akauza nakala za nakala kwa bei rahisi. Lakini resini ina ushahidi wake. Hupungua kidogo inapoganda, kwa hiyo kipande kilichoibwa ni kidogo kuliko cha asili, viungo vyake havikutani sawasawa, na mistari ya uso imefifia. Akiibiwa mwizi naye, nakala ya tatu huwa mbaya zaidi. Waliosoma miswada ya tenzi iliyopitia mikono ya wanukuzi wengi wanaijua hasara ya namna hiyo. Wanamjua pia mnukuzi mwaminifu, kama Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyekuwa mshairi na mchonga mbao pia, ambaye kazi za wengine zilipita katika kalamu yake bila kupotezewa wenyewe.

Mwaka 1999 kampuni ya Furuta ilianza kuuza mayai ya chokoleti yenye wanyama wadogo waliobuniwa na Kaiyodo, wakiwa wamekwisha kupakwa rangi. Watu wengi wakaonja raha ya sanamu nzuri bila kushika tupa. Baada ya hapo sanamu zilizokamilika, nyingi zikitoka China, zilijaza maduka, na wenye subira ya msasa wakapungua. Kisha zikaja mashine za kuchapa resini kwa mwanga, ambazo asili yake ni hataza ya Charles Hull ya mwaka 1986. Katika miaka ya 2010 bei yake ilishuka hata zikaingia vyumbani mwa watu. Sasa sanamu ya asili yaweza kuwa faili la kompyuta, na faili halipungui likinakiliwa. Ule ushahidi wa resini, kwamba wizi huacha kovu, hauko tena.

Ndiyo maana utaratibu wa siku moja unastahili kutazamwa hata na wasiojali madubwana. Ulibuniwa na watu waliotaka kunakili na ambao walikubali, hata hivyo, kwanza kubisha hodi. Mashine imeondoa taabu ya kalibu. Haikuondoa wajibu wa kuuliza. Huko Makuhari kila msimu bado wapo wanaofinyanga sanamu kwa nusu mwaka ili waiuze kwa saa chache. Kwenye baadhi ya mifuko hubandikwa kibandiko kidogo cha mwenye haki, na ndani yake vimo vipande vinavyosubiri sabuni, msasa na mkono wa mtu mwingine.