Woking: Halmashauri iliyojizalishia umeme, kisha ikafilisika

Waislamu wengi wanaujua mji wa Woking, kusini-magharibi ya London, kwa Msikiti wa Shah Jahan uliojengwa mwaka 1889. Wapenzi wa riwaya wanaujua kwa sababu mwandishi H.G. Wells aliwateremsha viumbe wa Mirihi huko huko katika kitabu chake cha mwaka 1898. Wahandisi wa umeme wanaujua kwa habari nyingine: halmashauri iliyojizalishia umeme wake.

Lilikuwa jambo la zamani lililofufuliwa. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, halmashauri nyingi za Uingereza zilimiliki vituo vya umeme. Aprili 1948 serikali kuu ikavitwaa vyote, na madiwani wakabaki kulipa bili kama wananchi wengine.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Woking ilitenga mfuko wa pauni 250,000 kwa ajili ya kupunguza matumizi ya nishati kwenye majengo yake. Kiasi hicho kwa halmashauri ya Uingereza si kikubwa. Werevu ulikuwa kwenye sharti lake: fedha iliyookolewa kwenye bili ilirudi mfukoni kugharimia kazi inayofuata. Mradi usiorudisha fedha haukuwa na mahali pa kujificha.

Aliyesukuma kazi hiyo alikuwa mhandisi Allan Jones. Kituo cha kawaida cha umeme hupoteza hewani sehemu kubwa ya joto la mafuta kinayoyachoma. Jones alitaka injini ndogo za gesi katikati ya mji, ili joto lile lipite kwenye mabomba ya maji moto hadi majengo ya jirani. Kiangazi, joto hilo hilo liliendesha mitambo ya kuyapoza. Umeme nao ulisafiri kwenye nyaya za mradi wenyewe, nje ya gridi ya taifa, ukakwepa gharama za njiani. Mwaka 1999 halmashauri ikaunda kampuni yake, Thameswey, na kuingia ubia na Wadenmark, watu waliozoea mitambo ya namna hiyo. Paneli za sola zikafuata, kisha bwawa la kuogelea la mji likaanza kuhudumiwa na seli ya mafuta (fuel cell) ya kilowati 200.

Kwa hesabu za halmashauri, hewa ya ukaa kutoka majengo yake ilipungua kwa zaidi ya robo tatu tangu 1990. Meya wa London wa wakati huo, Ken Livingstone, akamchukua Jones akafanye vivyo hivyo jijini.

Halafu namna ya halmashauri ya kutumia fedha ikabadilika. Ilikopa fedha nyingi kujenga maghorofa na hoteli katikati ya mji, na kuikopesha Thameswey kwa ajili ya nyumba. Juni 2023 ikatangaza kwamba haimudu tena matumizi yake: pengo lilikuwa pauni bilioni 1.2, wakati bajeti yake ya mwaka ilikuwa kama pauni milioni 16.

Wapo wanaoitaja Woking leo kuwa ushahidi kwamba halmashauri zisiguse biashara ya nishati. Nadhani wanakosea. Deni kubwa lilitoka kwenye majengo. Diwani anayetaka kuiga Woking aanze na ule mfuko wa pauni 250,000, na sharti lake.