Gereji ya nyumbani: msamiati wa kupanga na kuhifadhi zana

Makala haya yanaeleza maneno yanayotumika kutaja zana za kutengenezea magari, mahali pa kuziweka na namna ya kuzipanga. Mazingira ya mifano ni Pasiansi, kata ya Manispaa ya Ilemela mkoani Mwanza, kando ya barabara itokayo katikati ya jiji kwenda uwanja wa ndege. Nyumba nyingi za Mwanza zimejengwa kwenye miteremko ya vilima vya mawe, na uwanja tambarare ni mdogo. Mwenye gereji uani hulazimika kuweka vitu vingi katika nafasi finyu, na kuviita kwa majina yasiyochanganyana. Kwa mfasiri na mwalimu, hapo ndipo penye kazi: baadhi ya majina haya yana maana mbili, na kosa la jina moja kwenye kopo linaweza kumgharimu mtu breki au macho.

1. Gereji, karakana, banda la gari

Gereji (wengine huandika gareji) ni neno lililoingia kutoka Kiingereza, nacho Kiingereza kililipata kutoka Kifaransa. Katika lugha hizo neno hutaja pia chumba cha kulaza gari. Katika Kiswahili cha Tanzania maana ya kutengeneza ndiyo iliyotangulia. Mtu akisema “Gari liko gereji,” msikilizaji huelewa kwamba limeharibika. Kwa hiyo sentensi ya riwaya inayosema mhusika aliingiza gari lake kwenye chumba chake kando ya nyumba isifasiriwe “aliingiza gari gereji,” kwa kuwa msomaji atangoja habari za ubovu ambazo hazimo. Banda la gari lafaa zaidi.

Karakana ni neno lenye asili ya Kiajemi, lililoundwa kwa sehemu mbili zenye maana ya kazi na nyumba. Maana yake ni pana kuliko ya gereji: kuna karakana ya useremala, ya reli, ya chuo. Aghalabu hutumika kwa mahali rasmi na pakubwa. Vituo vya Wakala wa Ufundi na Umeme (TEMESA), vinavyotengeneza magari ya serikali, huitwa karakana. Fundi mmoja anayefanya kazi uani kwake ana gereji. Kuiita karakana si kosa la sarufi, lakini humpa msomaji picha ya mahali pakubwa zaidi.

2. Zana, kifaa, kipuri

Maneno haya matatu hubadilishwa ovyo katika tafsiri, ilhali katika kupanga vitu kila moja lina fungu lake.

Zana ni kitu kinachoshikwa ili kufanyia kazi: nyundo, spana, tupa. Zana hubaki kwa fundi kazi ikiisha.

Kifaa ni neno pana zaidi. Zana zote ni vifaa, lakini si vifaa vyote ni zana. Tochi, ndoo ya kumwagia oili chafu na kitambaa cha kufutia ni vifaa.

Kipuri (wingi vipuri) ni sehemu ya gari inayowekwa badala ya ile iliyochakaa. Mtaani husemwa spea. Kipuri huondoka na gari. Ndiyo maana orodha ya gereji inayochanganya zana na vipuri chini ya kichwa kimoja cha “vifaa” haimsaidii mwenye nayo kujua kilichopotea na kilichouzwa.

Katika maandishi rasmi vipuri ndilo neno linalopendekezwa. Spea lifae mazungumzo ya wahusika.

3. Majina yenye utata

Koleo. Maana ya kwanza ni chombo cha kubania, chenye mikono miwili na taya. Tanzania bara neno hilo hilo hutumika sana kwa chombo cha kuchotea mchanga na udongo. Mtu akiandika “Leta koleo” bila kutaja kazi, msaidizi anaweza kuleta kile cha mchanga. Mafundi magari wameukwepa utata huo kwa kusema plaizi. Katika maandishi rasmi yatosha kuongeza kazi yake: koleo ya kukatia waya, koleo la kubania. Upatanisho hutofautiana baina ya watumiaji. Mwandishi achague mmoja na kuushika hadi mwisho.

Spana. Hutajwa kwa aina na kwa namba. Aina zake ni pamoja na spana ringi, ambayo mdomo wake umezunguka nati yote, spana yenye mdomo wazi, na spana za boksi, ambazo pia huitwa soketi. Namba hutaja upana wa kichwa cha nati au boliti kwa milimita: spana namba 12, spana namba 14. Ile ambayo mdomo wake hupanuliwa na kubanwa ili ufae nati za ukubwa mbalimbali mafundi huiita spana malaya. Jina hilo limeenea, na mtafsiri anapaswa kulijua akilisikia, lakini lina tusi ndani yake na halifai kitabu cha shule wala mwongozo wa kazi. Hapo iandikwe spana ya kurekebisha.

Skrubu na parafujo. Yote mawili hutaja msumari wenye hesi. Parafujo limetoka Kireno na ni la zamani zaidi; skrubu limetoka Kiingereza na ndilo linalosikika zaidi gereji. Chombo cha kuzifungia ni bisibisi: bisibisi bapa kwa kichwa chenye ufa mmoja, bisibisi ya nyota kwa kichwa chenye ufa wa msalaba.

Tupa. Ni chuma chenye meno madogo cha kusugulia na kunolea. Lafanana na kitenzi tupa, na mwanafunzi hukanganyikiwa na maandishi mafupi ya lebo. “Tupa za zamani” juu ya sanduku ni nomino, wala si amri ya kutupa kilichomo.

4. Mahali pa kuwekea

Sanduku limetoka Kiarabu, kasha limetoka Kireno. Yote hutaja chombo chenye kifuniko. Kwa zana za kubebwa mkononi husemwa zaidi sanduku la zana au boksi la spana.

Rafu ni ubao uliowekwa ukutani au katika fremu ili vitu viwekwe juu yake. Asili yake ni Kiarabu. Itofautishwe na rafu ya uwanjani, yaani mchezo mbaya, iliyotoka Kiingereza. Katika Kanda ya Ziwa, ambako sauti r na l hubadilishana katika matamshi ya wasemaji wengi, neno husikika pia kama lafu; maandishi yabaki rafu.

Shubaka ni nafasi iliyoachwa ndani ya unene wa ukuta ili kuwekea vitu. Neno hili limefifia mijini, lakini bado ndilo sahihi pale ukuta wenyewe unapotumika kuwa rafu.

Mtoto wa meza ni kijisanduku kinachovutwa kutoka mezani au kabatini. Wengi sasa husema droo. Tafsiri ya kifasihi itafaidika na jina la kwanza. Lebo na mwongozo vitumie la pili kwa ufupi wake.

Stoo ni chumba cha kuhifadhia, neno la Kiingereza lililozoeleka. Ghala ni kubwa zaidi na huhusishwa na mazao au bidhaa nyingi. Gereji ya nyumbani ina stoo, haina ghala.

Kopo na dumu. Kopo ni chombo kidogo cha bati au plastiki, kizuri kwa nati na skrubu zilizotengwa kwa ukubwa. Dumu ni la vimiminika na lina mkono wa kubebea.

5. Vitenzi vya kupanga, na kinyume chake

Kuweka ni kitenzi cha jumla na hakisemi lolote kuhusu mpango. Kupanga ni kuweka kwa taratibu. Kupangilia huongeza maana ya uangalifu na mfuatano. Kurundika ni kuweka vitu vingi juu ya vingine bila utaratibu. Kuhifadhi na kutunza hukaribiana, lakini kuhifadhi hutazama mahali na usalama wa kitu, kutunza hutazama hali yake. Zana iliyofungiwa kabatini ikiwa na unyevu imehifadhiwa, haijatunzwa, itashika kutu.

Kwa vitu vya ukutani kuna tundika na angika, yote yakiwa na maana ya kuweka juu kwa msumari au kulabu. Ning'iniza husisitiza kubembea kwa kitu.

Eneo hili la msamiati linamfaa mwalimu anayefundisha kauli ya kutendua, kwa sababu kila tendo la kupanga lina tendo la kulivunja:

panga – pangua
angika – angua
tundika – tundua
funga – fungua
funika – funua
bandika – bandua

Kaza na legeza hayamo katika kundi hili. Ni vitenzi viwili tofauti vyenye maana zinazopingana, na mwanafunzi asijaribu kuunda “kazua.” Kadhalika angua lina maana nyingine zinazojitegemea, kama kuangua matunda au mayai, hivyo muktadha utajwe.

6. Zipo, ziko, zimo

Swali la kila siku katika gereji ni “Iko wapi?” Jibu lake huonyesha kama msemaji amemudu viambishi vya mahali.

Spana zimo sandukuni. (Zimezungukwa na sanduku, haziko juu yake.)
Spana zipo rafuni. (Mahali panapojulikana hasa.)
Spana ziko uani. (Eneo, bila kutaja mahali hasa.)

Nomino nyingi hupokea -ni bila shida: kabatini, ukutani, sandukuni, mezani. Gereji huachwa bila kiambishi katika mazungumzo, “yuko gereji,” nayo gerejini hukubalika katika maandishi.

7. Lebo: neno moja halitoshi

Sehemu hii ndiyo yenye madhara makubwa zaidi ikikosewa.

Mafuta. Kiswahili hutumia neno hili kwa petroli, dizeli, mafuta ya taa, ya kula, ya injini na ya breki. Dumu lililoandikwa “MAFUTA” halijaandikwa kitu. Oili ya injini ikitiwa katika mfumo wa breki huvimbisha mipira ya ndani yake, na breki zinaweza kushindwa gari likiwa njiani. Lebo itaje kazi: mafuta ya breki, oili ya injini, oili ya giaboksi. Oili iliyotolewa katika injini iitwe oili chafu, na dumu lake litengwe.

Maji ya betri. Katika mazungumzo jina hili hutumika kwa maji yaliyokenekwa, yanayoongezwa betri ikipungua, na pengine kwa tindikali yenyewe. Tindikali ya betri huunguza ngozi na kupofusha. Mtafsiri wa maagizo ya usalama asitumie jina hili peke yake. Aandike maji yaliyokenekwa pale yanapokusudiwa maji, na tindikali pale inapokusudiwa tindikali.

Chupa za maji ya kunywa. Kuhifadhi petroli au kipozea injini katika chupa hizo ni hatari ambayo lebo haiiondoi, kwa kuwa mtoto asiyejua kusoma huona chupa tu. Aina nyingi za kipozea injini ni sumu na zina utamu. Maelekezo mazuri ya Kiswahili hayaishii kwenye “Andika jina”, husema pia “Usitumie chupa ya kinywaji.”

8. Upatanisho wa kisarufi

Spana, jeki, bisibisi, nati, boliti, rafu, zana na lebo zimo katika ngeli ya I-ZI: spana hii imepotea, spana hizi zimepotea. Sanduku, kasha, kabati, kopo na dumu zimo katika LI-YA: dumu hili limejaa, madumu haya yamejaa. Kifaa na kipuri zimo katika KI-VI.

Makosa yanayojirudia ni mawili. La kwanza ni kuongeza ma- kwenye wingi wa I-ZI: “maspana,” “majeki.” Husikika katika mazungumzo, hasa kwa maana ya wingi mkubwa au ovyo, lakini si sanifu. La pili ni kuburutwa na neno kifaa lililotajwa kabla: “Spana ni kifaa muhimu, *kimepotea*.” Kama kinachozungumziwa ni spana, sentensi inayofuata irudi kwenye ngeli yake: “imepotea.”

9. Matini ya mfano

Aya ifuatayo imetungwa kwa ajili ya mazoezi. Mwanafunzi atambue vitenzi vya kupanga, viambishi vya mahali na ngeli ya kila nomino.

“Kabla ya giza kuingia, fundi hufuta kila spana, husoma namba yake, kisha huitundika kwenye msumari wake. Spana namba 10, 12, 14 na 17 huwa karibu na mkono, kwa kuwa ndizo zinazofaa boliti nyingi za magari ya Kijapani. Soketi zimo sandukuni, zimepangwa kutoka ndogo hadi kubwa. Nati zilizofunguliwa leo zimo katika kopo lenye namba ya gari, zisije zikachanganyika na za jana. Mafuta ya breki yamo katika dumu lake, na dumu limo kabatini, na kabati limefungwa. Ukutani umebaki msumari mmoja mtupu. Fundi hafungi mlango. Huinama tena chini ya gari na tochi, kwa maana spana iliyosahaulika ndani ya injini haitasubiri asubuhi.”

Swali la majadiliano: kwa nini mwandishi ametumia “yamo” kwa mafuta, “limo” kwa dumu na “limefungwa” kwa kabati? Jibu lianze na ngeli, kisha lieleze mahali.