Elimu ya Ukarani na Hesabu Katika Kenya: Ilikotoka

Katika mkutano mkuu uliopita wazee kadhaa waliuliza kwa nini Halmashauri inataka sehemu ya mfuko wa elimu itumiwe kwa vijana wanaojifunza kazi ya ofisi na uwekaji hesabu, hali hapo awali fedha hizo zilikwenda kwa wanafunzi wa sekondari na wa chuo kikuu peke yao. Mzee mmoja alisema waziwazi kwamba kumlipia kijana ajifunze ukarani ni kumlipia akae maisha yake yote kwenye meza ya mtu mwingine. Neno hilo lilikuwa zito, nalo halikupata jibu siku ile kwa kuwa jua lilikuwa limekwisha kutua na wengi walikuwa na safari. Twaona yafaa lijibiwe hapa, tena kwa njia ya historia, kwa maana elimu hii ina historia ndefu katika nchi yetu, na sehemu kubwa ya historia hiyo imo ndani ya maisha ya vyama kama hiki chetu.

Hesabu yenyewe ilikuwako tangu zamani. Maneno yetu ni shahidi. Hesabu na daftari tumeyapata kwa Waarabu. Hundi, cheti na laki yametoka Bara Hindi. Leja, vocha, risiti na cheki tumeyatwaa kwa Waingereza. Mwenye kuyafuata maneno hayo kwa utaratibu ataona ni nani waliokaa kwenye meza ya fedha zamu kwa zamu, na ataona pia kwamba sisi watu wa bara tulifika mwisho kabisa. Hata hao Waingereza hawakuibuni kanuni wanayoifuata. Ilikuwa desturi ya wafanya biashara wa Italia, na mtawa mmoja jina lake Luca Pacioli akaieleza katika kitabu kilichopigwa chapa Venice mwaka wa 1494. Kanuni ni nyepesi kuitaja: kila shilingi huandikwa mara mbili, kushoto katika akaunti inayopokea, na kulia katika akaunti inayotoa. Mwisho wa mwezi jumla za pande mbili zikikataa kulingana, kuna kosa mahali fulani, nalo litafutwe. Hapo ndipo nguvu ya elimu hii ilipo. Mweka hazina mwenye daftari la namna hiyo hana haja ya kuapa mbele ya wanachama.

Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka wa 1896, hata ikafika Kisumu mwaka wa 1901, ofisi zake pamoja na ofisi za Serikali zilijaa makarani kutoka Bara Hindi, na hasa Wagoa. Mwafrika alikuwa mbeba mizigo, na akibahatika, tarishi. Shule za misheni zilikuwako, kama Freretown iliyoanzishwa mwaka wa 1875 na Maseno iliyoanza mwaka wa 1906, lakini shabaha yao ya kwanza ilikuwa kupata wasomaji na walimu wa dini. Mwaka wa 1924 Serikali ilifungua huko Kabete chuo cha kazi za mikono, ambako vijana walifundishwa useremala, uashi na uhunzi. Mwaka huo huo tume ya Phelps-Stokes ilipita Afrika ya Mashariki, ikasisitiza kilimo na kazi za mikono, na kutokana na fikira zake ilizaliwa Jeanes School ya Kabete mwaka wa 1925, ambayo kazi yake ilikuwa kuwafundisha walimu wa vijijini. Hatuna ugomvi na useremala. Lakini ijulikane kwamba kalamu haikutiwa katika orodha ya vyombo ambavyo Mwafrika alipaswa kufundishwa kwa bidii. Aliyeijua kazi ya ofisi aliijua kwa kuichungulia, akiwa amesimama nyuma ya kiti cha mwingine.

Hata hivyo tazameni waliyoyafanya hao waliochungulia. Harry Thuku alipanga herufi katika kiwanda cha gazeti Nairobi, kisha mwaka wa 1918 akawa mpokea simu katika ofisi ya Hazina ya Serikali. Alipoongoza East African Association mwaka wa 1921, malalamiko juu ya kipande, kodi na mishahara hayakubaki kuwa manung'uniko ya barazani. Yaliandikwa, yakapelekwa kwa simu ya maandishi hadi London. Katika Nyanza, Young Kavirondo Association iliyozaliwa mwaka huo huo iliongozwa na wasomi wa Maseno, mwenyekiti wake akiwa mwalimu Jonathan Okwiri, na mwaka wa 1923 ikageuzwa kuwa chama cha ustawi cha walipa kodi. Jomo Kenyatta naye, kabla ya kuwa Katibu Mkuu wa Kikuyu Central Association mwaka wa 1928, alikuwa karani wa stoo na msoma mita za maji wa Baraza la Mji wa Nairobi. Wala hatusemi kwamba kila karani alikuwa mtetezi wa watu. Wengi walivaa tai, wakafunga midomo, na wakawasahau waliowalipia karo. Tunalosema ni kwamba barua, kumbukumbu za mkutano na risiti zilihitaji mtu wa kuziandika, na mtu huyo alitoka ofisini.

Vita vilipokwisha mwaka wa 1945, askari walirudi na akiba zao, na kote nchini watu wakaunda makampuni: ya malori, ya maduka, ya vinu vya kusaga. Luo Thrift and Trading Corporation, iliyoandikishwa mwaka wa 1947 chini ya uongozi wa Oginga Odinga, ni mfano mashuhuri wa watu waliouza hisa kwa wenzao hata wakajenga nyumba ya biashara Kisumu. Lakini makampuni mengi madogo ya wakati ule yalikufa yangali machanga. Mtaji ulikuwa mdogo, leseni na mikopo ilikuwa migumu kwa Mwafrika, hayo ni kweli. Hata hivyo wazee wetu wanaijua sababu nyingine ambayo haipendezi kutajwa: fedha za duka na fedha za mfukoni zilikaa katika kasha moja. Mwenye duka alipokula bidhaa hakuandika, na ndugu alipokopa hakuandika, hata siku ya kuagiza mali mpya kasha likawa tupu na hapana aliyeweza kuonyesha zilikokwenda. Si lazima pawe na mwizi ili mali ya watu ipotee. Mahali pengi hapakuwa na mwizi hata mmoja, ila palitokea uhasama kati ya jamaa na jamaa uliodumu miaka, kwa sababu tu hapakuwa na daftari la kumsafisha asiye na hatia.

Serikali nayo ilianza kuliona jambo hili. Sheria ya vyama vya ushirika ya mwaka wa 1945 iliwafungulia wakulima wa Kiafrika mlango wa kuandikisha vyama vyao. Mpango wa Swynnerton wa mwaka wa 1954 ulipopanua kilimo cha kahawa mashambani mwetu, kila kiwanda cha kahawa kilihitaji mtu wa kupima, kuandika uzito mbele ya jina la mkulima, kutoa risiti, na baada ya miezi mingi kugawa malipo bila kumpunja mjane wala kumzidishia mwenyekiti. Mtu huyo hapatikani porini. Jeanes School ya Kabete ilikuwa imebadilika baada ya vita, ikawa mahali pa mafunzo mafupi ya watu wazima. Na mafunzo ya wakaguzi wa ushirika yaliyoanza mwaka wa 1952 ndiyo chimbuko la chuo ambacho mwaka wa 2016 kilipata hadhi ya kuwa Chuo Kikuu cha Ushirika cha Kenya.

Mshahara wa Mwafrika katika utumishi wa Serikali ulikuwa jambo la uchungu. Tume ya Holmes, iliyotoa taarifa yake mwaka wa 1948, ilishikilia desturi kwamba Mwafrika alipwe sehemu tatu katika tano za mshahara wa Mzungu hata wakifanya kazi ile ile. Tume ya Lidbury, katika mwaka wa 1954, ndiyo iliyopendekeza kuondoa ngazi za mishahara zilizofuata rangi ya mtu. Kuanzia hapo cheti cha mtihani kikawa na thamani mpya, maana kilikuwa kipimo kisichouliza rangi, na vijana wengi wakajisajili kwa vyuo vya posta vya Uingereza, wakasoma usiku kwa taa ya mafuta baada ya kazi.

Walisoma nini? Hati mkato ya Isaac Pitman, iliyotolewa mwaka wa 1837, huandika sauti, wala haifuati herufi: mstari mwembamba ni p, mstari ule ule ukikolezwa ni b, na irabu ni nukta na vistari vya kando. Mwenye lugha kama yetu, inayoandikwa jinsi inavyotamkwa, haoni ajabu; lakini lugha ya kuandikwa ilikuwa Kiingereza, na aliyezoea tahajia yake kwa taabu alitakiwa kuisahau ili asikie sauti tupu, kwa mwendo wa maneno 80 au 100 kwa dakika. Katika taipu alikatazwa kutazama vidole. Na katika hesabu palikuwa na kioja. Shilingi ya Afrika ya Mashariki ilikuwa na senti 100, hesabu rahisi, lakini mitihani ilitoka London, na mpaka Uingereza ilipobadili fedha zake mwaka wa 1971, paundi yao ilikuwa na shilingi 20, na shilingi yao peni 12. Basi karani wa Nyeri au Kakamega alishika mchana fedha za kumi kumi, na usiku alijumlisha peni ambazo hakupata kuziona. Waliofaulu walistahili sifa mara mbili.

Royal Technical College ya Nairobi ilipofungua milango mwaka wa 1956, masomo ya biashara yalikuwamo, nayo ndiyo mbegu ya kitivo cha biashara cha chuo kikuu cha baadaye. Lakini mwaka wa kukumbukwa ni 1961. Katika mwaka huo mmoja ilianza Kenya Polytechnic. Jeanes School ikageuzwa kuwa Kenya Institute of Administration, ili kuwatayarisha maofisa wa Serikali ya wananchi. Ilifunguliwa Strathmore College, ambayo tangu mwaka wa 1966 imefundisha uhasibu. Na ilianza Kianda College, chuo cha ukatibu kwa wasichana wa rangi zote. Jambo hili la mwisho tusilipite mbio. Mpaka hapo katibu muhtasi katika ofisi kubwa alikuwa mwanamke wa Kizungu, na karani wa Kiafrika alikuwa mwanamume. Binti wa Kiafrika hakuwa na mahali katika ofisi hiyo, isipokuwa kufagia. Nyumba ngapi katika chama chetu zimesomeshwa na mshahara wa mama aliyepiga taipu, wanachama wanajua wenyewe.

Baada ya uhuru mwaka wa 1963 nafasi zilikuwa nyingi kuliko watu. Sheria za uhamiaji na za leseni za biashara, zote mbili za mwaka wa 1967, ziliharakisha kuwapa wananchi kazi zilizoshikwa na wageni, na waajiri wakatafuta wahasibu kwa taa. Mwaka wa 1969 ilianzishwa bodi yetu wenyewe ya mitihani ya wahasibu na makatibu, KASNEB, na Sheria ya Wahasibu ya mwaka wa 1977 ikaleta chama chao cha kitaaluma. Katika miaka ile ile ya 1970 wananchi walichanga kwa Harambee, wakajenga vyuo vya ufundi vya wilaya na mikoa, na katika vingi vyao darasa la biashara halikukosekana.

Yaliyofuata wengi wetu tumeyaona. Kompyuta iliondoa taipu, na hati mkato karibu imekufa. Hatutamshauri kijana kuitegemea. Vyuo vya kibinafsi vilichipuka juu ya maduka mijini, vingine vya kweli, vingine chumba kimoja na ubao wa rangi nzuri mlangoni, na wazazi wameuza ng'ombe kwa vyeti ambavyo mwajiri hakuvitambua. Sheria ya mafunzo ya ufundi ya mwaka wa 2013 iliweka mamlaka ya kuvisajili vyuo hivyo, na kabla ya karo kulipwa yafaa usajili uulizwe huko. Hesabu, lakini, haikufa. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka wa 2007 michango ya matanga na ya karo hupita kwa simu, na wapo wanaodhani kwamba ujumbe wa simu watosha kuwa daftari. Ujumbe waonyesha fedha zimeingia. Hauonyeshi zilikuwa za nani, za kazi gani, wala zimebaki ngapi baada ya jeneza kulipwa.

Kwa hiyo Halmashauri inaomba idhini ya kuwasaidia vijana hawa kwa masharti manne. Chuo kiwe kimesajiliwa. Mtihani uwe wa bodi inayotambuliwa na Serikali. Karo ipelekwe chuoni moja kwa moja kwa muhula, isipitie mkono wa mzazi wala wa mwanafunzi. Na kila likizo kijana akae siku mbili na mweka hazina, aandike vitabu vya chama chini ya macho yake. Sharti la nne litawapa wanachama nafasi ya kupima kazi yake kabla ya mwajiri yeyote kuipima. Kuhusu meza ya mtu mwingine, meza ya chama hiki ni ya wanachama wote, nayo imekuwa na mweka hazina mmoja, mzee sasa, kwa muda mrefu kuliko inavyoruhusu katiba yetu, kwa kuwa kila uchaguzi hatokei wa kumpokea.

Hesabu za mfuko wa elimu zimepigwa chapa katika kurasa zinazofuata, nao wenye maswali juu yake wanaombwa kumwandikia Katibu kabla ya siku ya mkutano.