Afya ya mzazi: haki au hisani?

(Mazungumzo ya juma hili, kama yalivyosomwa redioni)



Mwaka 1983 nilijifungua mtoto wangu wa kwanza katika hospitali moja ya jiji hili la Dar es Salaam. Sitaitaja. Waliokuwapo wengi wamekwisha kustaafu, wengine wametangulia mbele ya haki, na wala kosa halikuwa lao peke yao. Ulikuwa mwaka wa foleni: sabuni foleni, unga foleni, doti ya khanga foleni. Niliingia wodi ya wazazi na kapu lenye kipande cha sabuni ya kufulia, pamba, wembe mpya, uzi na khanga mbili kuukuu, maana shangazi yangu wa Temeke Mikoroshini alikuwa amenionya kwamba huko nisitegemee kukuta kitu.

Kitanda nilikikuta kina mwenyewe, dada mmoja wa Buguruni. Tukalala mzungu wa nne, miguu yake kichwani kwangu na yangu kichwani kwake, na vichanga vyetu katikati. Usiku wa pili yule dada alianza kutokwa damu. Niliita, nikaita tena. Muuguzi wa zamu alikuwa mmoja kwa wodi nzima, naye wakati huo alikuwa chumba cha pili akimzalisha mwingine. Alipofika alifanya alichoweza. Alfajiri dada alikuwa amekwisha kukata roho, na mimi nikabaki na kitanda kizima.

Ndugu zake walipokuja kumchukua, bibi mmoja aliyefuatana nao alisema, "Ni kazi ya Mungu." Nami niliitika. Kwa miaka mingi sikuwa na neno jingine la kuongeza. Sikuwa na habari kwamba wakati ule ule, mbali na kitanda chetu, palikuwa na watu wanaobishana kama kifo cha namna hiyo kiandikwe kwenye daftari la majaliwa au kwenye daftari la haki za binadamu. Ubishi huo una historia yake, na sehemu ya historia hiyo imepita hapa hapa kwetu.

Tuanzie ufukweni. Hospitali ya Ocean Road ilimalizwa kujengwa na Wajerumani mwaka 1897, mahali penye upepo mwanana wa bahari, kwa ajili ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walikuwa na hospitali ya Sewa Haji, iliyopata jina lake kwa mfanyabiashara Sewa Haji Paroo aliyeitolea fedha. Waingereza walipouchukua mji waliukuta umegawanyika, nao wakaendelea kuugawa: Uzunguni, Uhindini, na sisi wengine Kariakoo na Ilala. Mwanamke wa Kiafrika alizalia nyumbani, kwa mikono ya mkunga wa mtaani, na akipatwa na shida ilikuwa yake na jamaa zake.

Sasa sikiliza kichekesho cha historia. Tarehe 10 Desemba 1948 Umoja wa Mataifa ulipitisha Tangazo la Haki za Binadamu, na katika ibara ya 25 ukataja huduma za afya, tena ukasema kwamba uzazi na utoto vina haki ya kupewa uangalizi wa pekee. Mwaka huo Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa huo huo! Hata hivyo wodi ziliendelea kutengwa kwa rangi. Hospitali kubwa iliyokuja kuwa Muhimbili ilifunguliwa mwaka 1956 ikiwa na jina la binti wa mfalme wa Uingereza, Princess Margaret. Na mwaka 1959 kilianzishwa Dar es Salaam chama cha uzazi wa mpango, ambacho leo tunakiita UMATI.

Baada ya uhuru Serikali ilifanya kazi kubwa, na asiyekubali hilo hana shukrani. Matibabu yakawa bure, zahanati zikasambazwa vijijini, na kina mama wakazoea kliniki. Lakini jiji nalo likawa linakua. Sensa ya mwaka 1967 iliwakuta watu wa Dar es Salaam hawafiki laki tatu. Ile ya mwaka 2022 ikahesabu zaidi ya milioni tano. Hospitali za Mwananyamala, Temeke na Amana, zilizoanza zikiwa ndogo, zikajikuta zinabeba watu wa Manzese, Tandale, Tandika na Mbagala ambao hakuna aliyewapangia vitanda. Ndiyo maana tulilala mzungu wa nne.

Huko duniani mambo yalikuwa yanasogea, polepole. Mwaka 1978 mkutano wa Alma-Ata ulitangaza kwamba afya ni haki ya msingi. Mwaka 1979 ukapitishwa Mkataba wa Kuondoa Aina Zote za Ubaguzi Dhidi ya Wanawake, ambao ibara yake ya 12 inazidai Serikali zitoe huduma za ujauzito na uzazi, bure pale inapohitajika. Tanzania iliuridhia mwaka 1985. Mwaka huo huo wa 1985 wataalamu wawili wa afya ya jamii huko Marekani, Allan Rosenfield na Deborah Maine, waliandika katika jarida la Lancet la Uingereza makala iliyouliza swali la kuaibisha: katika mpango huu wa afya ya mama na mtoto, mama yuko wapi? Swali lilikuwa la haki kabisa. Kadi ya kliniki ilikuwa ya mtoto, mizani ilikuwa ya mtoto, chanjo nyingi zilikuwa za mtoto. Mama alikuwa chombo cha kumleta mtoto kliniki. Miaka miwili baadaye, mwaka 1987, ukafanyika Nairobi mkutano uliozindua mpango wa Uzazi Salama, na hapo dunia ikaambiwa kwamba wanawake wapatao nusu milioni wanakufa kila mwaka kwa ajili ya mimba na uzazi, karibu wote katika nchi maskini.

Niliposikia habari ile ndipo nilipomkumbuka dada wa Buguruni. Ikiwa kifo ni kazi ya Mungu peke yake, kwa nini Mungu apendelee kuifanya kazi hiyo Buguruni kuliko Stockholm?

Ikafuata miaka ya mikutano. Vienna mwaka 1993, ambako ilitamkwa wazi kuwa haki za wanawake ni sehemu ya haki za binadamu. Cairo mwaka 1994, nchi 179. Beijing mwaka 1995, ambao Katibu Mkuu wake alikuwa mama yetu Gertrude Mongella, mzaliwa wa Ukerewe. Watanzania tulijivuna, na tulikuwa na sababu. Ila vijiweni wanaume waligeuza neno Beijing kuwa kejeli: mke akiomba nauli ya kliniki aliambiwa asilete mambo ya Beijing.

Na hapa ndipo penye donda. Miaka ile ile tuliyokuwa tukipiga makofi Cairo na Beijing, hospitali zetu zilikuwa zimeanza kutoza. Uchangiaji wa gharama za matibabu uliingia mwaka 1993. Mama mjamzito alisamehewa, sawa, imeandikwa. Lakini msamaha wa karatasi hauna glovu. Muuguzi asiye na glovu, katika miaka ya ukimwi, angefanyaje? Alimwambia mama akanunue. Mama akamtuma mumewe, mume akaenda kugonga maduka ya dawa usiku. Wataalamu wanasema mjamzito huuawa na kuchelewa kwa namna tatu: kuchelewa kuamua kwenda, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa akishafika. Kijijini mama huangushwa mara nyingi na ile ya pili. Sisi wa Temeke na Kinondoni tuko karibu na hospitali, tunaiona taa yake, na tunaangushwa na ile ya tatu.

Nisieleweke vibaya, nauli nayo ni ya kweli hata mjini. Hospitali ya CCBRT pale Msasani iligundua kwamba wanawake wenye fistula, waliokaa na ugonjwa huo miaka mingi, hawakuja ingawa matibabu yalikuwa bure, kwa sababu hawakuwa na nauli. Kuanzia mwaka 2009 wakawa wanatumiwa nauli kwa njia ya simu, na wagonjwa wakaja kutoka mikoani. Fedha ya basi tu ndiyo iliyokuwa imewazuia.

Je, haki hii inaweza kudaiwa mahakamani? Katiba yetu, katika ibara ya 11, inazungumzia haki ya kupata msaada wa jamii wakati wa maradhi. Lakini ibara ya 7 inasema mambo ya sehemu hiyo hayawezi kuamuliwa na mahakama yoyote. Haki imeandikwa, mlango wa kuidai umefungwa kwa ufunguo. Mwanasheria mmoja rafiki yangu hunikumbusha kwamba ibara ya 14, ya haki ya kuishi, mlango wake uko wazi. Ni kweli, lakini anayepaswa kuupita ni mfiwa, na mfiwa wa Tandika ana msiba wa kushughulikia.

Jirani zetu wa Uganda waliusukuma mlango. Mwaka 2011 ilifunguliwa kesi namba 16 kwa niaba ya wanawake wawili waliofariki katika hospitali za Serikali wakijaribu kujifungua, mmoja Mityana, mwingine Arua. Mwaka 2012 Mahakama ya Katiba iliitupa, ikisema hayo ni mambo ya kisiasa ya Serikali na Bunge. Wenye kesi hawakukata tamaa. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ikaamuru isikilizwe, na Agosti 2020 Mahakama ya Katiba ikatamka kwamba Serikali kushindwa kutoa huduma za msingi za uzazi kumevunja haki za wanawake hao, ikaamuru familia zilipwe fidia. Miaka tisa! Watoto waliozaliwa mwaka wa kesi walikuwa wamefika shule ya msingi. Na Kenya, mwaka 2018, mahakama ilimpa fidia ya shilingi milioni 2.5 za huko mama aliyejifungulia sakafuni katika hospitali ya Bungoma mwaka 2013. Huyu hakufa. Alidhalilishwa, na mahakama ikasema kudhalilishwa peke yake kunatosha.

Hukumu ya Bungoma ndiyo inayonigusa zaidi. Tumezoea kupima uzazi kwa kuhesabu maiti. Ni lazima kuhesabu, na hesabu yetu imekuwa nzuri: uchunguzi wa mwaka 2015 na 2016 ulikadiria vifo 556 kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa mwaka 2022 ukakadiria 104. Takwimu hizi hupatikana kwa kuwauliza watu habari za dada zao waliofariki, kwa hiyo ni makadirio, lakini hata mwenye shaka ataona kwamba kuna jambo kubwa limefanyika. Vituo vya afya vingi sasa vinapasua, damu inapatikana, na ukipiga 115 mama aliye mahututi hutafutiwa gari, hata la dereva wa mtaani. Mwaka 1983 namba ya kupiga ilikuwa kupiga kelele.

Hata hivyo aliyetukanwa leba hayumo katika hesabu hiyo. Aliyelazwa chini hayumo. Na aliyeambiwa akanunue naye hayumo, maadamu alitoka hai.

Mwaka juzi mjukuu wangu, binti wa yule niliyemzaa kwenye kitanda cha watu wawili, alishika mimba. Tulikwenda naye kliniki huku pembeni mwa jiji. Kituo sitakitaja nacho. Kilikuwa kisafi, wauguzi walituamkia, na mjukuu alionyeshwa wodi yenye kitanda kimoja kwa kila mzazi. Nilisimama pale mlangoni nikavihesabu. Tulipokuwa tunaondoka akapewa kikaratasi kilichoandikwa kwa kalamu, vitu vya kuja navyo siku ya kujifungua. Nilikisoma ndani ya daladala: pamba, wembe, uzi, mpira wa kutandika, glovu, khanga. Sabuni tu ndiyo iliyokuwa haimo.