Asidi moja tu, na sisi tunasema ni kurogwa

Wasee wa Busia na Malaba, leo ni historia. Kuna mtoto kwa ploti yetu, mifupa ikianza kumuuma usiku hakuna mtu analala. Majirani wanasema amerogwa. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, lakini hii kitu nilikuwa nishaielewa.

Hemoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, ina vipande vinne: alfa mbili, beta mbili. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba ya wagonjwa wa selimundu ni tofauti. Vernon Ingram wa Cambridge akaja kupata tofauti yenyewe: kwenye beta, nafasi ya sita, asidi amino inayoitwa glutamati imetoka, imeingia valini. Moja tu! Glutamati inapenda maji, valini inayakimbia kama mafuta. Oksijeni ikishatoka, valini inajificha kwa kishimo cha beta ya molekuli jirani, jirani naye ananasa mwingine, mpaka foleni inashinda ile ya malori pale Malaba. Foleni hiyo ndiyo inapinda seli iwe kama mundu, halafu seli inakwama kwa mishipa midogo. Uchungu ndio huo.

Sasa kwa nini huku kwetu? Anthony Allison, mzungu aliyekulia Kenya, alipima damu za watu 1949 akaona hali hii iko juu Pwani na karibu na Ziwa Victoria, milimani iko chini. Fikiria mbu wanakaa wapi. Mwaka 1953 akachukua Waluo 30 waliojitolea, 15 wenye jini moja ya selimundu na 15 wasio nayo, wakaambukizwa malaria makusudi. Kwa wasio nayo, 14 walipatikana na vimelea. Kwa wenye nayo, 2 tu. Allison ana jina mpaka leo. Wale 30, ambao miili yao ndiyo ilitoa jibu, ni "waliojitolea" tu. Hiyo huniuma.

Kwa hivyo jini moja inakukinga, mbili zinakutesa. Wazazi wote wakiwa na moja moja, kila mimba ina nafasi 1 kwa 4 ya kuzaa mgonjwa. Na jini haionyeshi kitambulisho mpakani. Mapenzi ya huku na Tororo mnayajua wenyewe.

Mimi nimepimwa, niko na moja. Nimemwambia dem wangu. Majibu yake yanatoka Ijumaa.