Cato Manor: Ardhi ya waliotafuta pumzi

Katika vilima vya Cato Manor, mjini Durban, Afrika Kusini, ipo Hospitali Kuu ya Inkosi Albert Luthuli, iliyofunguliwa mwaka 2002. Humo wataalamu wa tiba ya viungo huwasaidia wagonjwa waliopasuliwa kifua kupumua tena. Ardhi hiyo hiyo iliwahi kuwa makao ya watu waliobanwa kifua kwa sababu ya umaskini na sheria.

Katika miaka ya 1940 na 1950, eneo hilo, liitwalo pia Umkhumbane, lilijaa vibanda vya Waafrika, wengi wao wakiwa wapangaji kwenye mashamba ya Wahindi. Msongamano uliupa ugonjwa wa kifua kikuu njia rahisi ya kuenea. Waliougua walitegemea hospitali ya King Edward VIII, iliyofunguliwa mwaka 1936 kwa ajili ya wasio wazungu. Kuanzia mwaka 1958 serikali ya ubaguzi wa rangi iliwahamisha kwa nguvu wakaazi, Waafrika wengi wakipelekwa KwaMashu, na vibanda vikabomolewa.

Streptomaisini, iliyogunduliwa mwaka 1943, ilileta matumaini. Hata hivyo, dawa huua vimelea tu, haifuti makovu. Kwa baadhi ya waliopona, mirija ya hewa hubaki imetanuka, makohozi yakatuama ndani yake na pumzi ikawa ya taabu.

Hapo ndipo mikono ilipochukua nafasi yake. Mwaka 1901 daktari William Ewart wa London alieleza jinsi ya kumlaza mgonjwa ili makohozi yateremke yenyewe. Baadaye ikaongezwa mbinu ya kumpigapiga kifuani kwa viganja vilivyokunjwa mfano wa kikombe. Mwaka 1968 ikachapishwa New Zealand mbinu ambayo mgonjwa huifanya mwenyewe: huvuta pumzi, kisha huitoa kwa nguvu, koo likiwa wazi, kama anayetia ukungu kwenye kioo.

Tiba hiyo haihitaji mashine ya gharama, bali ujuzi na subira. Lakini kukohoa kwaweza kueneza maradhi. Huko Tugela Ferry, katika jimbo hilo hilo la KwaZulu-Natal, wagonjwa 52 kati ya 53 waliobainika mwaka 2005 na 2006 kuwa na kifua kikuu sugu kabisa walifariki dunia. Kwa hiyo mtaalamu huvaa barakoa na kufungua madirisha: hewa safi, ambayo vibanda vya Umkhumbane viliikosa, ni sehemu ya tiba yenyewe.